Je, wajua kwa nini mialoni miwili ilitiwa sumu kwa sababu ya mechi?

Mwishoni mwa Januari 2011, mwanamume mmoja alipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio jimboni Alabama, Marekani. Alijitambulisha kwa jina la bandia, kisha akatangaza, wasikilizaji wote wakimsikia, kwamba ametia miti sumu. Aliyoitaja ni mialoni miwili mikongwe ya Toomer's Corner, mjini Auburn. Kila timu ya Chuo Kikuu cha Auburn inaposhinda, mashabiki wake hukusanyika pale na kurusha karatasi za chooni matawini mpaka kona nzima inakuwa nyeupe pepepe. Udongo ulipopimwa, ukakutwa na dawa ya kuua magugu kwa kiwango cha kutisha.

Miti ilikosa nini? Novemba 2010, Auburn ilikuwa nyuma kwa pointi 24 kwa 0 kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Alabama, katika mechi yao ya kila mwaka ya mpira wa Kimarekani. Ikageuza kibao na kushinda 28 kwa 27. Mpiga simu alikuwa shabiki wa Alabama, mtu mzima aliyewahi kuwa polisi. Malalamiko yake mengine ni kwamba sanamu ya Bear Bryant, kocha anayetukuzwa na watu wa Alabama, ilivalishwa jezi ya mchezaji wa Auburn. Basi.

Unaweza kusema huyo ni mwendawazimu mmoja, tuendelee na mengine. Lakini hasira yake ilikua mahali fulani, na mahali penyewe panaeleza mengi. Alabama haina timu katika ligi kuu ya kulipwa ya mpira huo, kwa hiyo mapenzi yote ya jimbo huangukia vyuo viwili vilivyotengana kwa kiasi cha kilomita 250. Mashabiki wengi hawakusoma hata siku moja katika chuo wanachokishabikia. Wanafanya kazi ofisi moja, wanasali kanisa moja, wanaoana. Kuna magari yenye kibao cha mbele kilichogawanywa katikati, nusu Auburn, nusu Alabama, kwa sababu baba yuko huku na mama yuko kule. Kiswahili kimewapatia watu wa namna hii jina zuri: watani wa jadi. Mtani hatoki mbali. Wa mbali akikufunga unalala; huyu akikufunga, kesho asubuhi unamkuta mezani.

Na ugomvi wao si wa juzi. Mwaka 1907 walitoka sare ya 6 kwa 6, wakagombana juu ya posho za wachezaji na waamuzi, wakasusiana mpaka 1948. Miaka 41! Husimuliwa kwamba waliporudiana, viongozi wa wanafunzi walifukia shoka bustanini mjini Birmingham, ishara kwamba yamekwisha. Hayakuisha, lakini walau wanacheza.

Tatizo jingine liko machoni. Mwaka 1951 timu ya chuo cha Princeton iliifunga ya chuo cha Dartmouth katika mechi chafu ya mpira huohuo: nyota wa Princeton alivunjika pua, mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ileile, wakawataka wahesabu rafu. Wa Dartmouth waliona timu yao imecheza rafu 4.3 kwa wastani. Wa Princeton waliona Dartmouth ikicheza rafu 9.8. Utafiti ulipochapishwa mwaka 1954 ulikuwa na kisa ninachokipenda kuliko takwimu zake: mhitimu mmoja wa Dartmouth alitazama filamu hiyo, hakuona ubaya aliokuwa amesikia unasemwa juu ya timu yake, akatuma simu ya maandishi akiomba aletewe kipande kilichokatwa. Hakikukatwa kitu. Nadhani huyu hakuwa anadanganya, na ndipo ugumu ulipo. Mashabiki wawili wanaobishana juu ya filimbi ya mwamuzi mara nyingi kila mmoja anasema kweli yake.

Lugha nayo hutuumbua. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliwapigia wanafunzi simu na kuwauliza matokeo ya timu ya chuo chao. Wakielezea ushindi, wengi zaidi walijiingiza ndani yake kwa kusema “sisi”. Wakielezea kipigo, “sisi” ilipungua. Kwa Kiswahili kazi hiyo hufanywa na silabi moja tu: tumeshinda, wamefungwa.

Turudi Alabama, maana mwaka uleule wa sumu una upande wa pili. Habari ilipotoka, mashabiki wa Alabama wenyewe walichanga fedha za kusaidia kuokoa miti ya mahasimu wao. Miezi miwili baadaye, Aprili 27, vimbunga vya tornado vilipiga jimbo hilo na kuua zaidi ya watu 200; Tuscaloosa, mji wa Chuo Kikuu cha Alabama, ulivurugwa vibaya. Mashabiki wa Auburn wakakusanya maji, vyakula na vifaa, wakapakia magari na kwenda. Miti haikupona, ilikatwa mwaka 2013. Mtia sumu alikiri kosa, akafungwa jela na kuamriwa kulipa karibu dola 800,000.

Wema wa namna hiyo ulisubiri msiba. Kuna wapinzani waliouwekea ratiba: vyuo vya kijeshi vya Marekani, Army cha jeshi la nchi kavu na Navy cha jeshi la majini, vinavyokutana tangu 1890. Kabla ya mpira kuanza hufanya “kubadilishana wafungwa”, yaani wanafunzi waliokwenda kusoma muhula mmoja kwa wapinzani hurudishwa hadharani katikati ya uwanja. Mechi ikiisha, wachezaji wa pande zote mbili husimama pamoja mbele ya wanafunzi wa timu iliyofungwa na wimbo wa chuo hicho huimbwa, kisha huenda wote upande wa washindi. Ndiyo maana mwanafunzi wa pale hakuombei ushindi. Anakuombea uimbe wa pili.