Je, wajua kwa nini pikapu iliyovuta tani 130 huandikiwa chini ya tani 5?

Usiku wa Oktoba 12, 2012, mjini Los Angeles, pikapu ya Toyota Tundra ilikivuta chombo cha anga Endeavour na kukivusha daraja linalopita juu ya barabara kuu ya 405. Chombo hicho na toroli lililokibeba vilikuwa na uzito wa takriban tani 130. Sehemu kubwa ya njia ya kwenda makumbusho kilibebwa na mitambo maalumu inayojiendesha yenyewe, lakini uzito wa mitambo hiyo haukuruhusiwa juu ya daraja lile, ndipo pikapu ikaitwa. Ukifungua kitabu cha mwongozo cha Tundra ya wakati ule, utakuta limeruhusiwa kuvuta tela lisilofika tani 5.

Kwa miaka mingi ningeieleza tofauti hiyo vibaya. Niliamini namba ya kuvuta ni kipimo cha nguvu: unaliongezea gari mzigo mpaka injini ishindwe, kisha unapunguza kidogo kwa usalama. Mzee jirani yetu aliponiuliza, "Mwanangu, hii gari itayaweza matofali yangu?" nikamjibu, "Itayaweza mzee, injini ni lita tatu." Tukapakia matofali 60 ya saruji kwenye tela la mhunzi, tukapanda kutoka Mombo hadi Soni bila injini kulalamika. Hatari ilikuja kwenye mteremko mfupi wa kuingia kiwanjani kwake. Mzee alikanyaga breki, gari likainama mbele, na tela likaendelea kutusukuma huku mkia wa gari ukielekea pembeni. Tulisimama kwenye ukingo wa shamba la watu. Injini niliyoisifu haikuwa na kazi yoyote pale.

Anayeijua habari hii kuliko wahandisi wengi ni mvuta mkokoteni. Tuseme mkokoteni na mzigo wake una kilo 500. Kwenye lami tambarare hazibebi kilo 500 mikono yake, ardhi ndiyo inayozibeba. Yeye anashindana na ukinzani wa tairi tu, na kwa tairi zenye upepo mzuri hiyo ni kama asilimia 2 ya uzito, yaani nguvu inayolingana na kuinua ndoo ya lita 10. Ndiyo maana utamwona Kariakoo akitembea huku anaongea.

Sasa mpeleke kwenye mwinuko wa asilimia 12, ule unaopanda mita 12 kwa kila mita 100. Ukinzani wa tairi uko palepale, lakini mlima unamdai asilimia 12 ya uzito wote, kilo 60 nyingine. Jumla ni kilo 70, sawa na kumwinua mtu mzima. Mzigo ni uleule, mtu ni yuleyule, ila sasa anahitaji vijana wawili wa kusukuma nyuma. Akifika kileleni na kuanza kuteremka, zilezile kilo 60 zinahamia mgongoni mwake. Hapo hawazi tena kuvuta, anawaza kuzuia.

Rudi kwenye Endeavour. Daraja lilikuwa karibu tambarare na mwendo ulikuwa wa polepole sana. Kwa ukinzani wa asilimia 1, tani 130 zinahitaji mvuto wa tani 1.3 hivi, na pikapu nzito yenye tairi zinazoshika lami inaumudu. Kwenye mwinuko wa asilimia 12, chombo kilekile kingedai karibu tani 17, na tairi zingeteleza zamani. Matangazo ya magari yanayovuta ndege na treni yamesimama juu ya hesabu hiyo. Mwaka 2006 Volkswagen Touareg ilivuta Boeing 747 yenye tani 155 huko Uingereza. Ilikuwa kweli tupu, lakini ilikuwa kwenye uwanja wa ndege, mahali tambarare kuliko karibu barabara yoyote.

Basi namba ya kitabuni hupatikanaje? Kwa muda mrefu Marekani kila kampuni ilijipimia kwa vigezo vyake. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kiwango kiitwacho J2807. Si sheria, ni hiari, na kampuni hujipima zenyewe. Toyota ilitangulia kukifuata kwa Tundra ya mwaka 2011, na namba za baadhi ya matoleo zikashuka ingawa gari halikubadilishwa kwa sababu hiyo. Nguvu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni maswali gari liliyoulizwa. Kampuni kubwa za Marekani zilifuata miaka michache baadaye.

Maswali yenyewe yanastahili kusomwa polepole. Gari lenye tela zito hupandishwa barabara ya 68 ya Arizona, kutoka karibu na bwawa la Davis kwenye mto Colorado, kilomita 18 za kupanda takriban mita 900, joto la nje likiwa nyuzi 38 au zaidi, kiyoyozi kikiwa wazi mpaka mwisho. Pikapu ya kawaida hairuhusiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa, na hairuhusiwi kuchemsha wala kuwasha taa ya onyo. Anayeijua Kitonga, ule mlima wa barabara ya Iringa, atauelewa mtihani huu bila kuelezwa zaidi. Rejeta na gia boksi ndivyo vinavyotahiniwa, kwa sababu mlima mrefu hugeuza mafuta kuwa joto kwa muda ambao daraja la Los Angeles halikuudai.

Kuna mtihani mwingine naupenda zaidi kwa udogo wake. Gari na tela husimamishwa kwenye mwinuko wa asilimia 12, kisha liondoke kutoka kusimama mara tano ndani ya dakika tano, na Marekani hurudia vivyo hivyo kwa rivasi. Mara moja karibu kila gari litaweza. Mara tano ndipo klachi au gia boksi hukiri. Ulaya nayo hutumia mwinuko huohuo na mara zilezile tano. Breki ya mkono pia lazima ishikilie mzigo wote kwenye mwinuko wa asilimia 12.

Kisha kuna kuyumba, na hapa mkokoteni unafundisha tena. Ukipakia mzigo wote nyuma ya ekseli, mpini unapanda na kumnyanyua mwenye mkokoteni. Ukipakia wote mbele, unamkandamiza mikono. Tela ni mkokoteni ulioshikwa na gari badala ya mtu. Wamarekani hulipima likiwa na karibu asilimia 10 ya uzito wake juu ya kiungo cha kufungia, kwa sababu tela jepesi mbele hupiga mkia kama samaki. Kwenye mwendo mdogo kila mpigo huwa mdogo kuliko uliotangulia, mpaka tela linatulia. Ukipita mwendo fulani, kila mpigo hukua kuliko uliopita, na usukani hauwezi tena kuufikia. J2807 hupima jinsi mipigo hiyo inavyofifia kwenye kilomita 100 kwa saa hivi. Tela likishindwa kutulia vya kutosha, namba inashuka hata kama injini ina uwezo wa ziada.

Ulaya ina jambo lake la kushangaza. Angalia brosha za Hilux, Ranger, D-Max na Land Cruiser: zote zimeandikwa kilo 3,500. Injini nne tofauti haziwezi kuwa na nguvu sawa hadi kilo ya mwisho. Namba hiyo ni ya sheria. Tela hadi kilo 3,500 linaruhusiwa kutumia breki inayojibana yenyewe, pale tela linapoisukuma gari na msukumo huo ukabana breki za magurudumu yake. Zaidi ya hapo breki za aina hiyo hazikubaliki, na pikapu haziendi mbali hivyo.

Hata kilo 3,500 hizo huwa hazipatikani zote. Ukipakia kwa ile asilimia 10 ya Wamarekani, ni kilo 350 zinazokaa mgongoni mwa gari, na hizo huhesabiwa pamoja na abiria na mizigo ya ndani. Kisha kuna ukomo wa gari na tela kwa pamoja, ambao kwa pikapu nyingi ni mdogo kuliko gari lililojaa kujumlisha tela lililojaa. Mwinuko wa nchi kutoka usawa wa bahari nao unakata: injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, hivyo Nairobi si Mombasa.

Kwa tela lisilo na breki kabisa, Ulaya inaruhusu kilo 750 au nusu ya uzito wa gari, ile iliyo ndogo. Tela la mzee halikuwa na breki. Baadaye tulilipima tupu, likawa kilo 250. Tofali moja tuliliweka kwenye mizani ya dukani: kilo 25. Zilizobaki kwa mzigo ni kilo 500, matofali 20. Siku ile tulipakia 60.