Mtufaha uliojaa maua bado haujakuahidi matunda

Wengi huamini kwamba mtufaha ukichanua sana, matunda yatakuja yenyewe. Usipozaa, lawama huangukia udongo au mbolea. Mara nyingi tatizo ni kwamba mti hauna mwenza.

Mitufaha mingi haipokei chavua (ungaunga wa uzazi wa maua) yake yenyewe. Kupanda miwili ya Gala, aina mojawapo ya tufaha, hakusaidii, maana miti ya aina moja huzalishwa kwa kubebesha vikonyo, yaani kuunga vijitawi vya mti mmoja kwenye shina la mwingine, kwa hiyo kijenetiki ni mti uleule. Inatakiwa aina nyingine inayochanua kipindi hichohicho. Hata Golden Delicious, inayoweza kujichavusha kidogo, huzaa vizuri zaidi ikiwa na jirani.

Upepo nao husifiwa bure. Unafaa kwa mahindi. Chavua ya mtufaha hunata, inahitaji mdudu, hasa nyuki. Kata tufaha kwa upana uone: vyumba vitano, kila kimoja kwa kawaida na nafasi ya mbegu mbili. Chavua ikifika kidogo, mbegu huwa chache, na tunda hukua likiwa limepinda upande au hudondoka changa. Nyuki wa mzinga, kwa bahati mbaya, hawatoki sana baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 hivi. Hapo baadhi ya nyuki wa porini ndio huokoa mavuno.