Ukinunua grupu, hukununua watu

“Tushalipa, wale watu sasa ni wetu.”

Nimechoka kuisikia kauli hii, kwa wenye mahoteli ya Paje na kwa wafanyabiashara wa Darajani wanaonunua magrupu ya mtandaoni. Si wenu. Mlichouziwa ni jina na mamlaka ya kuliendesha grupu. Kinachowaweka watu mle ni admini anayefuta tangazo lisilo na bei, anayemtambua tapeli wa viwanja hata akibadilisha laini, anayejua kwamba Ramadhani watu hushika simu baada ya tarawehe.

Kampuni moja hapa Unguja ilinunua grupu la Facebook la kuuziana vyombo vya ndani. Siku ile ile admini akatolewa, nembo ya kampuni ikabandikwa juu, na kila anayetaka kuposti ikabidi asubiri ruhusa. Mama anauliza bei ya kabati la milango mitatu, chini yake linashuka tangazo la chumba cha hoteli kinachotazama bahari! Admini akafungua grupu jingine, wauzaji na wanunuzi wakamfuata. Kampuni ilibaki na orodha ya majina ya watu wasioingia tena.

Wakubwa nao yamewakuta. Freenode ulikuwa uwanja wa mazungumzo wa watengenezaji wa programu huria. Mwaka 2021 waliouendesha kwa kujitolea walijiuzulu wakipinga mmiliki kushika usukani, wakaanzisha uwanja mwingine, Libera Chat. Watu wa Ubuntu, mfumo huria wa kompyuta, na wa Wikimedia, wenye Wikipedia, walihamia huko, pamoja na wengine wengi.

“Wanaolalamika ni wachache, watazoea.”

Ni wachache kweli, lakini ndio hao wanaojibu maswali ya wengine wote. Wakinyamaza, msomaji hana cha kusoma.

“Maposti ya zamani ni takataka, futeni.”

Yahoo iliinunua GeoCities, tovuti ambayo watu walijitengenezea kurasa zao, mwaka 1999, ikaifunga Marekani mwaka 2009, na kurasa nyingi mno za watu zikapotea. Posti ya zamani inayoeleza fundi gani wa friji anaaminika ndiyo inayomleta mgeni. Usiiguse.

“Admini tutampa vocha kila mwezi.”

Hapa sina subira. Unalipa mamilioni kununua grupu, halafu anayelibeba unampa vocha? Mpe mkataba na mshahara kabla hujabadilisha hata picha ya juu, na kwa miezi sita ya mwanzo kanuni zibaki alivyoziweka yeye.