Intaneti haishuki kutoka angani

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mtu msomi, mwenye ofisi na watu chini yake: "Si waachane na hiyo mikongo inayokatika kila siku, watuwekee satelaiti kama wenzetu Ulaya?"

Wenzetu Ulaya wanatumia mikongo, yaani kebo hizohizo za intaneti. Marekani wanatumia mikongo, Japani vivyo hivyo. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayotoka bara moja kwenda jingine inapita chini ya bahari, kwenye kebo ambayo kule kwenye kina kirefu ina unene wa milimita 20 hivi. Mnara wa mtaani kwako unaongea na simu yako kwa mawimbi, ni kweli, lakini hicho ni kipande cha mwisho tu. Mnara umeshikwa na faiba, nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga, au unarusha mawimbi ya maikrowevu hadi mnara mwingine wenye faiba, faiba inaingia Mkongo wa Taifa, Mkongo unafika Dar es Salaam, na Dar es Salaam unaingia baharini.

Satelaiti tulishazitumia. Kabla ya 2009 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikuwa na njia nyingine ya kutoka nje. Zile za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo ombi lipande lishuke, jibu nalo lipande lishuke, nusu sekunde imeshakatika na seva bado haijafanya kazi yoyote ya maana. Aliyewahi kupiga simu ya mtandao enzi hizo anakumbuka watu wawili wakikatizana maneno bila kukusudia. Mkongo wa baharini wa Seacom ulipowashwa Julai 2009, mwenzake TEAMS ukaja mwaka huohuo na EASSy 2010, hali ikabadilika kabisa.

Najua utaniambia Starlink. Satelaiti za Starlink ziko chini zaidi, kilomita 550 hivi, na latensi yake, yaani muda wa kusubiri jibu, ni nzuri. Zahanati iliyo mbali na faiba, kambi ya watafiti mbugani, shule ya kisiwani: huko ningeifunga leo hii. Lakini satelaiti moja hubeba makumi ya gigabiti kwa sekunde, na hizo ni za kugawana na kila aliye chini yake. Mkongo wa baharini wa 2Africa umeundwa kubeba hadi terabiti 180 kwa sekunde, na terabiti moja ni gigabiti elfu moja. Mnamo Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kuunganisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu mtandao ulikuwa umejaa. Hapo ni Nairobi na majirani zake tu, tena kwa wale wachache wanaomudu dishi. Halafu satelaiti yenyewe haihifadhi YouTube huko juu. Inashusha data kwenye kituo cha ardhini, na kituo hicho kimeunganishwa na nini? Faiba.

Hayo nimeyapitia haraka kwa sababu si yanayoninyima usingizi. Kinachonikera hasa ni sentensi nyingine, na hii wanaisema hata watu wa fani yetu, sisi tunaotengeneza hizi kebo: "Tuna mikongo mingi, mmoja ukikatika tunahamia mwingine."

Chukua Jumapili ya Mei 12, 2024. EASSy na Seacom zilikatika siku moja, kaskazini mwa Durban. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji, wote tukayumba, na sisi Tanzania tulikuwa kati ya walioumia zaidi. Watu wakauliza swali la haki kabisa: Durban ni kusini, Ulaya ni kaskazini, kwa nini mkato wa kule utuumize sisi huku?

Jibu linaanzia Bahari ya Shamu. Februari ya mwaka huohuo meli ya mizigo Rubymar ilipigwa kombora la Wahouthi, wapiganaji wa Yemen. Mabaharia wakashusha nanga, wakaiacha. Meli ikawa inasukumwa na maji huku nanga ikiburuta kwenye sakafu ya bahari, na mikongo ya eneo lile ikakatika, kipande cha kaskazini cha Seacom kikiwemo. Trafiki, yaani data inayopita kwenye mikongo, iliyokuwa ikipanda kaskazini ikageuzwa kusini, izunguke Afrika nzima. Hapo tulikuwa tumeshaitumia njia ya akiba, miezi kadhaa, na wengi hawakujua kwa sababu simu zao zilikuwa zinafanya kazi. Mei ilipofika, kilichokatika ni hiyo akiba yenyewe.

Na kwa nini EASSy na Seacom zikakatika pamoja? Kwa sababu ni majirani. Zote mbili zinaingia nchi kavu Mtunzini, pwani ileile ya Afrika Kusini. Kwenye tangazo la biashara hiyo ni mikongo miwili. Kwa tukio moja la baharini ni mkongo mmoja.

Utasema Mombasa kulikuwa na mikongo mingine, TEAMS, DARE1 na PEACE, tungehamia huko kupitia mpaka wa Namanga. Wengine walihamia. Lakini kuwepo kwa mkongo pwani si sawa na kuwa na nafasi ndani yake. Nafasi inanunuliwa. Kampuni iliyolipia mapema ilihamisha trafiki yake ndani ya muda mfupi. Isiyolipia ilikwenda kupanga foleni siku ileile ambayo kila mtu anatafuta nafasi, na ikapata iliyobaki, kwa bei ya siku hiyo. Ndiyo maana wewe ulikuwa umekwama na jirani yako mwenye laini ya kampuni nyingine anaendelea na mambo yake. Ndiyo maana pia siku kama ile video maarufu inaweza kucheza vizuri, kwa kuwa nakala yake imehifadhiwa kwenye seva zilizo humu nchini, huku barua pepe ya kazini, ambayo seva yake iko Ulaya, ikigoma kufunguka.

Ugonjwa huohuo uko nchi kavu, na huku ndiko sisi tunakopatikana usiku wa manane. Katapila la barabara linachimba, linang'oa kebo. Unafika na mashine ya kupimia, inakwambia mkato uko mita kadhaa kutoka kituoni, unatembea na tochi hadi uone udongo mbichi. Unachuna ganda, unafuta ile jeli kwa spiriti, unatenganisha nyuzi kwa rangi: bluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe. Kila uzi, mwembamba kama unywele, unakatwa sawasawa, unalazwa kwenye mashine ya kuunganishia, unachomwa, unasoma upotevu wa mwanga kwenye skrini. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu unainua kichwa, unaona kwenye mtaro huohuo kuna kebo ya pili iliyong'olewa pamoja na ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa "njia mbadala" ya mteja. Ameilipia kila mwezi.

Lipo jambo ambalo halisemwi vya kutosha: hata sisi hatujui kwa hakika trafiki yetu inapita wapi. Muuzaji wa jumla anaweza kukuuzia nafasi kwenye njia ya mashariki, kisha miaka miwili baadaye, katika kupanga mtandao wake upya, akaihamishia kwenye kebo uliyokuwa unaikwepa. Karatasi yako bado inasema njia mbili. Na sina uhakika kwamba mtumiaji wa bando la shilingi elfu moja anapaswa kubebeshwa gharama ya njia ya tatu ambayo itakaa bure karibu mwaka mzima. Benki na hospitali, ndiyo. Yeye, bado nalifikiria.

Kuna kundi jingine, la wale ambao kila mtandao ukikwama wanasema umezimwa. Siwalaumu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania, na mtu aliyepitia siku zile ana haki ya kushtuka kila simu inapozunguka bila kufungua kitu. Ila dalili hazifanani. Mkongo ukikatika, kampuni zinaumia kwa viwango tofauti, huduma za ndani zinaendelea, na VPN, ile programu inayokupitisha kwenye seva ya nchi nyingine, haikusaidii, kwa kuwa nayo inahitaji njia ileile ya kutoka. Mtandao ukizimwa, kampuni zote zinaanguka kwa wakati mmoja. Huduma moja ikifungwa, nyingine zote zinapaa na VPN inakufungulia ile moja. Nakiri kipimo cha VPN si cha kuapia: mara chache inakupitisha njia isiyo na msongamano, ukadhani ulifungiwa kumbe kebo ndiyo ilikuwa imejaa.

Kwa hiyo ukiwa ndiye unayesaini mkataba wa intaneti wa hospitali, benki au shule, usiulize mtoa huduma ana mikongo mingapi. Atakutajia majina matano na utafurahi. Uliza njia ya kwanza inatoka nchini kupitia wapi, ya pili inatoka kupitia wapi, zinakutana wapi, na ngapi kati ya gigabiti zako zimeshalipiwa kwenye ile ya pili. Anayeujua mtandao wake atachukua kalamu akuchoree palepale, mtaro kwa mtaro hadi ufukweni. Akikujibu kwa asilimia za muda ambao mtandao wake huwa hewani, mrudishie swali lilelile.