Si kila mvumo wa nyuma ni difu

Gari la kuvutwa na tairi za nyuma likishachakaa kidogo, iwe Mark II ya miaka ya 1990 au Hiace inayoshusha viazi kutoka Uyole, halikosi sauti. Na hapa Mbeya sauti ikitoka nyuma, hukumu hutolewa kabla gari halijapigwa jeki: difu, lile boksi la meno lililo katikati ya tairi za nyuma. Mwenye gari anajikamua, anafungiwa difu iliyotumika, halafu akifika Mbalizi sauti anayo vilevile.

"Kinachovuma nyuma ni difu." Kabla ya kuamini hilo, sikiliza sauti inamfuata nani. Mvumo wa tairi lililolika vibaya hubadilika pale lami laini inapopisha lami ya viraka, hata kama mwendo ni uleule. Beringi ya tairi husikika zaidi gari likielemea upande wake: ukikata kona kwenda kulia, mzigo unahamia kushoto, na beringi mbovu ya kushoto inapandisha sauti. Difu yenyewe humfuata mguu wako. Inalia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, kwa sababu meno ya krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu) hugusana upande mmoja gari linapovutwa na upande wa pili linapojizuia. Tairi halina habari na mguu wako.

Mdundo nao unasema. Tairi la kawaida la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka kama mara 11 kwa sekunde. Propela (mhimili mrefu kutoka gia boksi hadi difu), kwa difu yenye uwiano wa karibu 4 kwa 1, inazunguka zaidi ya mara 40 ndani ya sekunde hiyohiyo. Kwa hiyo sauti ya "gu, gu, gu" ambayo sikio linakaribia kuihesabu gari likitembea polepole itafute kwenye tairi. Mtetemo mwembamba unaopanda hadi kwenye siti ni wa propela.

"Weka fri (nyutro). Sauti ikibaki, difu ni nzima." Hili linasemwa hata na mafundi wazuri. Gari likitembea kwenye fri, tairi bado zinazungusha difu na propela. Kilichoondoka ni mzigo tu. Unachojifunza pale ni kuhusu injini na klachi, basi. Na jaribio lenyewe lifanyie tambarare, tuseme kati ya Igurusi na Chimala. Anayejaribu fri kwenye mteremko wa Iwambi au Mlima Nyoka anatafuta jambo lingine. Kipimo bora kuliko hicho: tembea kilomita 60 kwa saa kwa gia ya tatu, kisha mwendo huohuo kwa gia ya nne. Sauti isipobadilika kabisa, chanzo kiko nyuma ya gia boksi.

"Ikigonga ukiweka D, gia boksi imekufa." Mara nyingi ni krosi za propela (viungo vyake vya kujikunja), au raba za maunting zinazobeba injini na gia boksi, au kwenye Mark II bushi zinazoshikilia difu. Zima gari, zuia tairi za mbele kwa mawe, simamisha gari juu ya stendi (jeki peke yake usiiamini), weka nyutro. Shika propela kwa mikono miwili, mmoja kila upande wa krosi, uzungushe kinyume. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Angalia pia kandokando ya vikombe vyake: ungaunga mwekundu ni kutu inayosagwa na sindano za beringi zilizokauka grisi. Ila futa kwanza kwa kitambaa, kwa maana gari lililotoka barabara za vumbi limejaa wekundu kila mahali. Wa kutu utarudi baada ya siku chache, palepale kwenye kikombe.

Propela ikicheza kidogo kwa kuzunguka, usipige kelele. Krauni na pinioni lazima ziachiane nafasi, karibu milimita 0.15 kwenye difu nyingi za Toyota. Zikibanana kabisa zitaungua.

"Oili sili ya difu ikivuja, badili sili, kaza nati mpaka ikatae." Mimi naona hapa ndipo difu nyingi nzima zinapouawa. Nyuma ya ile nati kubwa ya pinioni, kwenye difu nyingi, kuna bushi laini ya chuma iliyotengenezwa ibonyee mara moja tu kwa kipimo. Kipimo hicho ndicho kinachoamua beringi za pinioni zibanwe kiasi gani. Fundi akining'inia kwenye bomba refu, bushi inabonyea zaidi, beringi zinabanwa, na difu iliyokuja na tone la oili inaondoka na kifo chake. Baada ya wiki chache inalia, na ukiigusa baada ya safari mkono haukai. Dawa ni kutia alama ya rangi kwenye nati na kwenye mhimili wake kabla ya kufungua, na kuirudisha alama kwa alama. Ikishapitilizwa, kuilegeza hakusaidii. Bushi mpya inatakiwa.

Mambo ya grisi au oili nzito ili kuituliza difu, tuyaache. Itanyamaza siku mbili, na asubuhi ya Juni kwenye baridi ya Makete uji huo hautafika kwenye beringi za mbele. Difu za aina hii hutaka oili ya GL-5, kwa kawaida 80W-90.

Propela nayo ikifunguliwa isirudishwe ovyo. Tia alama, vinginevyo mtetemo utauleta wewe. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka na mzigo tu, kwa mfano unapoanza kuupanda mlima wa Isyonje, likatulia mwendo ukiongezeka, kagua raba ya senta beringi, ile inayoshikilia propela katikati. Na wenye kuinua magari kwa spesa wajue kwamba Mark II ina CV jointi (viungo vya mihimili ya tairi) nyuma, na pembe ikizidi ndizo zinazoumia.

Ikibainika kwamba difu ndiyo mbaya kweli, usiridhike kwamba bolti za hiyo unayonunua zimeingia. Difu za gari la jina lilelile lenye injini tofauti zinaweza kuwa na uwiano tofauti. Zungusha pande zote mbili zinakofungwa tairi, kwa pamoja, mzunguko mmoja kamili, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya pinioni na robo zake, kisha linganisha na ya zamani kabla hujatoa pesa.