Gemu kufikika si gemu kurahisishwa

Hii kitu naisikia sana kwa mabanda ya PS (PlayStation) hapa Kisumu, Kondele mpaka Nyalenda. Kijana anayetumia mkono mmoja akiingia kwa setingi abadilishe batani, lazima kuna mtu atasema ati anataka kurahisishiwa. Hapana jameni.

Ufikivu wa gemu ni mchezaji mwenye ulemavu aweze kuingia, ajue nini kinaendelea, acheze. Basi. Ugumu wa gemu ni stori ingine, na hapo ndipo watu wanachanganya.

Kuna ugumu ambao ndio gemu yenyewe, tuseme ya mpira: beki anakusoma, kipa hapitiki, dakika zinaisha. Halafu kuna kizuizi ambacho hakuna mtu alikipanga, kama jezi nyekundu dhidi ya kijani kwa mtu ambaye macho yake hayatofautishi hizo rangi, yeye anaona timu moja inapigiana pasi na hajui amkabe nani. Mbadilishie jezi, na beki wa ule upande hatalegea hata kidogo. Xbox ilitoa padi ya wenye ulemavu 2018, iko na batani mbili kubwa na matundu 19 nyuma ya kuchomeka swichi za mguu, kiwiko, chochote unachoweza kusongesha, na PlayStation ikaleta yake 2023, lakini goli bado unafunga mwenyewe.

Na si mashine tu. Angalia drafti ya vizibo vya soda, mmoja anaviweka vikiangalia juu na mwenzake chini, kwa hivyo asiyeona akipapasa anajua vyake ni vipi. Shida ni ubao, ukivigusa vinateleza vinahama nyumba. Ukichimba kila nyumba kidogo kizibo kikae imara, sheria hazijabadilika, kula ni kula na kingi ni kingi. Ajua, ule mchezo wa mbegu kama bao, haihitaji hata hiyo, mashimo tayari yako na mbegu unahesabu kwa vidole.

Kuna mahali yanaingiliana, hilo nakubali. Celeste, gemu ya 2018, inakuruhusu kupunguza kasi yote, na kwa mwenye vidole vinavyochelewa hiyo kasi ndiyo ilikuwa inamfungia nje. Mwingine ataitumia apite haraka tu, sawa, haikupunguzii wewe kitu.

Kwa hivyo wenye mabanda, kijana akiomba kupanga batani kabla mechi ianze, muachie apange. Hajaomba kupewa ushindi.