Je, wajua kwa nini rekodi mbili zilizopishana miaka 12 zina mpiga tromboni mmoja?

Sikiliza "Rudy, A Message to You" ya mwimbaji Mjamaika Dandy Livingstone, iliyotoka mwaka 1967. Kisha sikiliza kundi la Kiingereza la The Specials likiurudia wimbo huo mwaka 1979. Bendi ni nyingine na kizazi ni kingine, lakini anayepuliza tromboni ni yuleyule: Rico Rodriguez.

Rico alizaliwa Havana, Kuba, Oktoba 1934, akapelekwa Jamaika angali mdogo. Mjini Kingston alisoma Alpha Boys School, shule ya watawa wa Kikatoliki iliyolea watoto wa familia duni na kuwafunza muziki wa bendi. Aliyemnoa hapo ni mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia, Don Drummond, ambaye baadaye alikuwa nguzo ya The Skatalites, bendi ya Jamaika ya muziki wa ska. Tromboni haina vitufe kama vya tarumbeta. Mpigaji huvuta na kusukuma bomba, na ni sikio lake linalomwambia mkono usimame wapi, kwa hiyo sauti inaweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine kama ya mtu anayeimba. Rico hakuwa mtu wa kumwaga noti. Alipuliza chache, akaziburuza, akaziacha zikawie kidogo nyuma ya mdundo.

Naamini utulivu ule aliukomaza Wareika Hills, vilima vya mashariki mwa Kingston, alikoishi na Warasta katika miaka ya 1950 akipiga pamoja na ngoma za Count Ossie, mpiga ngoma wa Kirasta.

Mwaka 1961 alihamia Uingereza. Muziki peke yake haukumlisha, ikabidi afanye na kazi za kiwandani. Hata hivyo, Wajamaika waliokuwa wakirekodi London walimfahamu vizuri, na ndivyo alivyofika kwenye wimbo wa Dandy, unaowasihi vijana watukutu wa mitaani waache fujo. Mwaka 1977 kampuni ya Island Records ilitoa albamu yake, Man from Wareika, na mwaka huohuo akamfungulia Bob Marley maonyesho ya Ulaya.

The Specials, vijana weusi na weupe wa Coventry, walikua na santuri za Jamaika masikioni. Walipoamua kuurudia wimbo ule, kwa nini watafute wa kumuiga Rico ilhali mwenyewe yupo? Walimwita, akaja na mwenzake Dick Cuthell, mpiga tarumbeta. Rekodi ikafika nafasi ya 10 katika chati ya Uingereza. Mwaka 1981 akasikika tena katika "Ghost Town" ya The Specials, iliyokaa nafasi ya kwanza kwa wiki tatu, na kwa masikio yangu tromboni ndiyo inayoutia wimbo huo simanzi.

Baadaye alipiga miaka mingi katika okestra ya mpiga piano Mwingereza Jools Holland, na mwaka 2007 akatunukiwa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Alifariki London Septemba 2015, akiwa na miaka 80. Anayetaka kumsikia Rico akiwa na nafasi ya kutosha, bila mwimbaji wa kumpisha, aanze na Man from Wareika.